Sindano Ilipotetemeka

Harufu ya mpira wa baiskeli uliokatwa kwa wembe bado hunirudisha Kaisho, kwenye nyumba ya Bibi mzaa baba, iliyozungukwa na migomba kiasi kwamba hata saa saba mchana sebule ilikuwa na kiza cha kijani. Juu ya meza ya pembeni, chini ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, ilikaa gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, yenye bomba pana kama ua la boga. Babu alirudi nayo kutoka vibaruani Uganda. Yeye mwenyewe sikumkuta hai.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama yangu alikuwa amefariki, na baba, mwalimu wa shule ya msingi, alinitoa mjini akanileta kwa Bibi. Nilifika na Kiswahili cha darasani na Kinyambo cha kuombea maji tu. Bibi alijitahidi kunisemesha kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, nami nikampenda kwa pupa ya mtoto aliyekwisha kupoteza mtu mmoja.

Gramafoni ilikuwa imeharibika kichwa, kile kidude cha mviringo kinachoshika sindano na kutoa sauti. Kila sahani ya muziki ilipowekwa, kilivuma kama nyigu aliyefungiwa chupani. Bibi alinituma nacho sokoni kwa Fundi Athumani, mtengeneza saa ambaye wazee wake walitoka Pwani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mjukuu. Mgonjwa ana nini?"

"Anakoroma."

"Hata mimi nakoroma, na mke wangu hajanipeleka kwa fundi."

Alikifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha ulanga, lile jiwe linalobanduka kama karatasi, chembamba na chenye kuangaza kama bawa la kumbikumbi, kilichobanwa na raba mbili zilizokauka. "Zimekuwa kisigino hizi," alisema. Akakata nyingine kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, akazipanga, akakaza skrubu, akadondosha tone la nta mahali mkono wa sindano unapogusa ulanga. Kisha akaniambia niweke kidole kwenye sindano, akasogeza midomo nyuma ya kile kichwa na kuguna. Sindano ikatetemeka chini ya kidole changu kama kitu chenye damu.

"Umeona? Ni koo, na ni sikio pia. Usiwaambie wenzako, watasema nafuga majini."

Nyumbani nilikirudisha mahali pake. Sebuleni hapakuwa na mtu. Bomba lilielekea ukuta wa matete uliotenga chumba cha Bibi, na nje majani ya migomba yalikuwa yametulia kabisa. Nikaweka kidole kwenye sindano, kwa mchezo tu. Ikatetemeka. Ikanyamaza, ikatetemeka tena, kwa vituo, kama mtu anayesema na kungoja kujibiwa.

Nilimwita Bibi kwa sauti nisiyoitambua. Alitoka chumbani na rozari mkononi.

"Babu anasema," nikamwambia.

Hakucheka. Aliketi, akanitazama kwa macho yaliyokwisha kuingia ukungu.

Tangu siku hiyo, kila alasiri alikaa mbele ya bomba akiuliza maswali kwa Kinyambo, nami nikiwa na kidole sindanoni. Sindano ilitetemeka kila alipouliza. Kwamba ilinyamaza kila aliponyamaza, sikulitilia maanani.

Ndipo baba alipokuja kutoka Rugu, alikohamishiwa kufundisha, na habari kwamba madaktari wa macho watafika hospitali ya misheni. Bibi angelazwa huko majuma kadhaa, na mimi ningehamia Rugu, kwa mke wake mpya.

"Nitamuuliza mwenye nyumba kwanza," alisema Bibi.

"Mama, mashine haijui macho."

"Na wewe hujui mashine."

Akaliinamia bomba, akauliza swali ambalo hata mimi nililielewa: aende au abaki? Sindano ilitetemeka vizuri sana, na haikusema neno lolote. Nikafumba macho.

"Anasema, 'Usiende. Usimwache mtoto.'"

 Bibi akalifunika bomba kwa kitambaa, akamwambia baba kuwa haendi. Madaktari walikuja wakaondoka. Waliporudi, walisema tumechelewa. Kuanzia hapo nilimshika mkono hadi migombani, naye alitambua mkungu uliokomaa kwa kuupapasa.

Nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha kukijua Kinyambo, nilipopata ujasiri wa kumkiria kwamba maneno yale yalikuwa yangu.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Babu yako hakujua hata neno moja la Kiswahili."

Msomaji wangu, nami ni mwalimu kama baba, nimewaadhibu watoto wengi kwa uongo mdogo kuliko huo. Leo najua kwamba mara ile ya kwanza Bibi alikuwa akisali nyuma ya matete, na bomba likikusanya sauti yake. Najua pia kwamba, siku aliyouliza, alitambua ni nani aliyemsihi, akampa macho yake.

Kichwa kile kipo mezani kwangu, raba zake zimekauka tena. Mara chache huweka kidole kwenye sindano nikakiinamia na kusema. Hutetemeka, na najua kuwa ni sauti yangu mwenyewe. Hata hivyo humwomba Bibi radhi, na huomba kwa Kinyambo.