Shangazi Aliyekufa Mara Mbili

"Mtu hafi mara mbili, Mama Kamili," alisema Ngassa, begi la safari bado liko begani. "Mwaka juzi uliniambia shangazi yako Hosiana amefariki, nikatuma rambirambi kutoka Geita. Mwaka jana akafariki tena, nikatuma tena. Jana nimemkuta stendi ya Shinyanga anachagua vitunguu."

Bernadina, mkewe, aliendelea kupeta mtama wake. "Ulimwamkia?"

"Nilimwamkia."

"Akaitikia?"

"Akaitikia, akaulizia na watoto."

"Basi ni mzima. Mshukuru Mungu."

"Na rambirambi?"

"Mara ya kwanza alizinduka tukiwa tumeshachinja. Ulitaka tumrudishie mbuzi shingo?"

"Na mara ya pili?"

Hapo Bernadina akapuliza makapi taratibu, maana jibu lilikuwa bado njiani.

Ngassa hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mchimbaji, na kule machimboni wameaminishana kwamba hela ya dhahabu ni mgeni: ukimfungia ndani, siku akitoka atawakataza wenzake wasije. Aliyepata sharti aimalize yote ndipo ashuke tena duarani, kule shimoni, la sivyo mwamba wa dhahabu unajificha. Ngassa aliishika imani hiyo kuliko padri alivyoshika yake. Mwaka alioupata mwamba wake wa kwanza alinunua saa tatu akazivaa mkono mmoja, kila moja ikisema lake. Aliinywesha pombe Didia nzima, kijiji chao, mpaka kuku wakawa wanatembea wameegemea ukuta. Jumatatu akamwomba mkewe nauli ya kurudi kazini.

Bernadina alilelewa kwingine. Kwao noti ya pamba ikiingia asubuhi, jioni ilikuwa imeshaota pembe. "Karatasi haina kwato," baba yake alikuwa akisema. "Ikiondoka hujui hata ilikopitia."

Basi kila Ngassa alipopata, Bernadina alifiwa. Alianza na ndugu wa mbali, wale ambao hata wenyewe kwa wenyewe hawajuani, akahamia kwa wajomba, mpaka ukoo ukamwishia ikabidi arudie. Fedha za misiba zilikwenda Kolandoto kwa marehemu mwenyewe, Hosiana, naye akanunua ng'ombe, akawachunga pamoja na wake. Sasa walikuwa wanne. Ngassa akijua tu, wote wanne wangefika mnadani Jumamosi, na ikifika Jumanne wangekuwa wamebaki chupa tupu.

"Sikiliza," Ngassa alisema, sasa kwa sauti ya kubembeleza, akavuta kigoda. "Miezi minne sijaona hata vumbi la dhahabu. Wenzangu wa pembeni wanapata, mimi natoa kokoto. Kuna hela yangu imelala mahali haijatumika, mama. Hiyo ndiyo imefunga duara. Nipe niimalize, mambo yafunguke."

"Haijalala popote," alisema Bernadina, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alisema kweli, maana saa hizo hela ilikuwa malishoni.

"Niapie."

"Naapa kwa kaburi la shangazi."

"Lipi kati ya yale mawili?"

Bernadina akaweka ungo chini. Alikuwa ameshapata pa kuanzia: kwamba pale stendi wananunua vitunguu watu wa kila aina, na kwamba, je, mume wangu, uliitazama miguu yake kama inagusa chini? Akafungua kinywa.

"Hodi humu."

Mlango ukasukumwa kabla ya karibu. Akaingia bibi mfupi mwenye vumbi la bodaboda mpaka kwenye kope, mkononi ana kibuyu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Mwangaluka, wanangu. Jana pale stendi nilisahau kukwambia, baba Kamili. Yule ng'ombe wenu mweusi amezaa jike. Nikasema dang'a, haya maziwa yake ya kwanza, muonje ninyi kwanza, wenye mali."

Ngassa alikitazama kibuyu, akamtazama mkewe, akakitazama tena kibuyu. Bernadina aliutazama mtama.

Shangazi Hosiana akawageukia mmoja baada ya mwingine.

"Mbona kimya hivi?" akauliza. "Nani kafa?"