Uso wa Pasaka wa Torunn

Kule Hamar, mji wa nchi ya theluji ambako Pasaka watu hupanda mlimani kuota jua, ukirudi kazini baada ya Pasaka na uso mweupe kama maziwa, watu watakuuliza ulikuwa unaumwa nini. Torunn Haugerud hakuwahi kuulizwa. Alikuwa muuzaji katika duka la rangi za nyumba karibu na stesheni, na kila mwaka alishuka kutoka mlimani na uso wa kahawia uliowafanya wenzake wajione kama waliokaa jikoni likizo nzima. Dukani walikuwa na desturi yao: uso uliokolea kuliko zote ndio unaopewa kipande cha kwanza cha keki. Kipande hicho kilishakuwa kama mali ya Torunn.

Sasa, majira ya baridi yaliyopita daktari alimkata kidoa cheusi begani. Majibu yakatoka: saratani ya ngozi, ila imewahiwa. Akaambiwa ule mchezo wa kuegemea ukuta wa kibanda cha mlimani, uso juu, theluji ikimrudishia jua kama kioo, umekwisha. Torunn aliuliza kama angeweza kidogo tu, Ijumaa Kuu. Daktari akamjibu kwamba Ijumaa Kuu ndiyo mbaya zaidi.

Habari hiyo hakutaka ifike dukani. Aliogopa kugeuzwa mgonjwa wa duka, mtu wa kuonewa huruma na kuongelewa pembeni.

Binti yake Ylva ndiye aliyeleta povu la kujipaka, linaloigeuza ngozi kahawia bila jua. Torunn aliigeuza chupa huku na huku, akauliza kama si sumu. Ylva akamweleza kwamba linashika ile ngozi ya juu kabisa iliyokwisha kufa, na baada ya siku chache hubanduka.

"Lakini halizuii jua, Mama. Usije ukajiona umevaa ngao. Ukitoka nje, mafuta ya kukinga jua na kofia, kama kawaida."

Torunn akapima. Huku bega lililoshonwa, huku chupa inayonuka kama biskuti zilizoungua. Akachagua biskuti.

Likizo yote alikaa kivulini akimenya machungwa. Siku ya mwisho akajipaka kama fundi: akasugua uso kwanza, akavaa glavu, akaisambaza rangi hadi shingoni isiache mstari wala michirizi. Akajitazama kwenye kioo, akaridhika.

Asubuhi ya kurudi kazini, Kjell-Arne, mchanganyaji wa rangi, alikuwa ameshashika kisu cha keki. Akamtazama Torunn, kisha akasogea karibu.

"Torunn, miwani yako uliiacha wapi?"

Ndipo na yeye alipowatazama wenzake. Kila mmoja alikuwa na duara nyeupe machoni, alama ya miwani ya jua waliyovaa kwenye theluji. Yeye alikuwa kahawia mpaka kwenye kope, kama mlango uliopakwa rangi pamoja na kitasa chake.

Gunnvor wa kaunta alicheka mpaka akatafuta kiti. "Shoga, si useme tu umechota kopo la hapa hapa? Hii inapakwa mara mbili au mara moja inatosha?"

Angeweza kucheka nao yakaisha. Badala yake akavuta kola, kovu likaonekana.

"Nilikatwa saratani hapa," alisema. "Jua nimekatazwa. Basi nikapaka."

Kicheko kikakatika. Gunnvor akauliza taratibu kama amepona, naye akajibu ndiyo, kilichobaki ni kuchunguzwa mara kwa mara. Akasubiri zile nyuso za huruma. Kjell-Arne akaweka kisu chini, akainama, akakunja sikio lake na kuonyesha kidoa kilichojificha nyuma.

"Hebu nitazamie hiki. Mke wangu anasema kinakua, mimi namwambia ni rangi ya kazini."

Torunn alitazama. Kingo hazikuwa sawa, na upande mmoja ulikuwa mweusi kuliko mwingine.

"Rangi ya kazini ingetoka kwa sabuni, mzee. Mpigie daktari simu sasa hivi."

Kjell-Arne alitaka kula kwanza. Torunn akamkabidhi simu na kumwelekeza stoo. Aliporudi, alikuwa na miadi ya Alhamisi. Gunnvor tayari alikuwa nyuma ya makopo, sweta mkononi, akimwambia Torunn amkague na yeye madoa, aanzie mgongoni.