Muhyidin wa Bucha na Ada ya Jinan

Watu wa Beirut wakisikia habari za Muhyidin hunitazama kwa huruma, wakasema, pole mama, kumbe ulikaa jirani na mnyama. Mnyama ni wao. Muhyidin namjua mimi: bucha yake iko chini, nyumba yangu ghorofa ya tatu juu ya bucha hiyo hiyo, na nikitaka kumtukana nitamtukana kwa mdomo wangu, sihitaji msaidizi. Hapa Tripoli yetu ya Lebanon hakuna mwenye haki hiyo kunishinda.

Mkono wake ulikuwa mwepesi tangu utotoni, na aliyemfundisha ni mwalimu. Alisoma shule ya serikali nyuma ya soko, wakati wa vita, madirisha yamezibwa kwa magunia ya mchanga. Mwalimu wa hesabu alimchapa kwa mguu wa kiti mpaka kidole chake cha kati kikapinda, na hakikunyooka tena. Haukupita muda wanamgambo wakaingia na bunduki zao, wakalala madarasani, wakachoma madawati kuchemshia chai. Mtoto wa miaka tisa akapelekwa machinjioni kushika miguu ya ng'ombe. Masomo yake yaliishia hapo, na hata kibao cha bucha aliandikiwa na mtu.

Basi Jinan alipozaliwa, mtoto wake wa pekee, Muhyidin aliapa kwamba huyu hatakanyaga shule ya serikali. Atasoma kwa masista, kisha ataingia chuo kikuu cha kulipia kule Beirut, atoke mfamasia. Sisi Waislamu wa mtaa huu hatuoni ajabu kumpeleka mtoto kwa masista. Ajabu ni kutompeleka. Huku kwetu hata muuza dengu analipa ada. Dada yangu yuko Ujerumani, wanawe wanasoma bure na mtoto wa daktari anakaa nao dawati moja. Nilipomtajia masista wanataka kiasi gani, alidhani namtajia bei ya gari. Kaka yangu naye alifanya kazi Kuwait miaka na miaka, mshahara wote ukamezwa na shule ya watoto, akarudi na sanduku lile lile aliloondoka nalo. Lakini hapa ukisema mwanao yuko serikalini, watu wanainamisha macho, utadhani umetaja maradhi. Mwanangu Rihab alikuwa serikalini. Mume wangu alishakufa, mimi ni mshona mapazia, ningefanyaje?

Na Muhyidin hakuniacha nipumue. Kila nikishuka kununua mifupa ya supu, ananipigia kelele wateja wakisikia, "Mama Rihab, shule ya bure, akili ya bure!" Namjibu kwamba afadhali akili ya bure kuliko ya ng'ombe. Anacheka, anapiga shoka lake juu ya gogo, na nikifika nyumbani nakuta ndani ya mfuko kipande cha paja ambacho sikukinunua. Ndivyo alivyokuwa, anakuuma huku anakulisha.

Wasichana wenyewe hawakuwa na habari na ugomvi wetu. Walimu wa serikali walikuwa kwenye mgomo nusu ya mwaka, kwa hiyo Jinan akitoka kwa masista alikaa na Rihab kwenye ngazi, akamfundisha yote aliyofundishwa siku ile. Ada analipa Muhyidin, wanaosoma ni wawili. Alijua, akawaacha.

Kisha lira ikaanguka, mabenki yakafunga milango na fedha za watu ndani, na masista wakatangaza kwamba ada ni dola tu, tena mkononi. Muhyidin alikuwa na akiba yake benki. Akaenda kuidai. Alivunja kioo cha mlango kwa kichwa, wallahi kwa kichwa, na mlinzi akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Alirudi bucha hana meno mawili ya mbele, akatema damu kwenye beseni la maini, akanawa, akamuuliza mteja anataka nyama ya kusaga au ya mishikaki.

Mwaka wa mwisho ukawa mbaya zaidi. Shule ilisema mwanafunzi ambaye hajamaliza ada hapewi kadi ya kufanyia mtihani wa serikali, na bila kadi huingii chumba cha mtihani, ungekuwa na akili za malaika. Miaka kumi na miwili ya kulipa, na yote inakwama kwa muhula mmoja. Muhyidin akatoka na shoka la mifupa, aproni ina damu, akavuka mji kwa miguu. Mhasibu alimwona dirishani akajificha chini ya meza. Muhyidin akaipasua ile meza juu yake, vibao vikaruka, wasichana wakapiga mayowe ukumbi mzima. Jinan alikuwa miongoni mwao na aliona yote. Ndipo akatokea mkuu wa shule, Sista Odile, kikongwe kidogo hivi, akasimama mbele ya shoka.

"Baba Jinan," akasema, "ukinikata kichwa, kesho atakayekaa kiti changu atakudai fedha zile zile."

Muhyidin akalitupa shoka, akaketi sakafuni akalia. Wiki ile akauza shamba la matufaha aliloachiwa na babake kule Danniyeh, ardhi ya babu zake. Akalipa masista. Zilizobaki akazifungia ndani, zitoshe chuo kikuu cha Jinan mpaka mwisho, na akatuambia sote kwamba hata akifa njaa, fedha hizo haziguswi.

Sasa huko kwenu sijui mtoto akifaulu mnafanya nini. Labda mnapika. Sisi tunapiga risasi. Matokeo yakitoka, mji mzima unaielekeza mitutu juu, na kila mwaka risasi zinarudi chini, kwa sababu mbinguni hazina mwenyeji. Kila mwaka tunazika mtu. Sheikh anakemea, serikali inakemea, na aliyekemea jana leo mwanawe akifaulu anatoka na bunduki. Asiyepiga, watu watasema mwanawe ameanguka.

Matokeo yalitoka adhuhuri. Jinan kafaulu, tena kwa sifa. Muhyidin akatoka mbele ya bucha na bunduki ya marehemu nduguye, akaanza kumwaga, maganda yanaruka kwenye lami, wanawake wanapiga vigelegele. Sisi juu tulikuwa tumeinamia simu ya Rihab inayozunguka tu haifunguki. Ikafunguka. Rihab alipiga ukelele, akakimbilia roshani, akainama kwenye chuma.

"Ami Muhyidin! Na mimi nimefaulu!"

Nilikuwa nyuma yake, niliuona uso wa yule mtu. Alifurahi. Naapa kwa Mola alifurahi kama amefaulu wa kwake. Mdomo wake usio na meno ukafunguka wote.

"Basi hizi ni zako, mwanangu!"

Akaishika bunduki kwa mkono mmoja, huku wa pili anampungia. Bunduki ikamruka mkononi. Ya kwanza ilivunja taa, ya pili ikagonga chuma cha roshani, na iliyofuata ikaingia begani kwa Rihab ikatokea mgongoni. Hakulia. Alikaa tu chini, akaniangalia, kisha damu ikaanza kutoka, na ilivyotoka sitaki kuisema.

Muhyidin alipanda ngazi zile sijui kwa miguu gani. Alimbeba mwanangu begani mwake, akashuka naye, akampakia kwenye gari la nyama, mimi nikiwa nyuma nimeziba tundu kwa pazia la mteja. Hospitali ya kwanza tuliyofika, mlinzi akasimama mlangoni akasema kwanza fedha za amana. Muhyidin alimpiga kichwa cha pua, yule akaanguka, akamruka akaingia na mtoto. Akaja mlinzi wa pili, Muhyidin akamvunja mkono. Madaktari wakampokea Rihab kwa kuogopa kuuawa, na mambo mengine sikuyaona, kwa sababu milango ilifungwa.

Tukabaki wawili kwenye ukumbi. Akataka kusema neno. Nilivua kiatu nikampiga nacho usoni, nikampiga kichwani, kisigino kikakatika nikaendelea kwa kucha. Nilimwambia anipe mwanangu. Alisimama mikono chini, mtu aliyevunja vichwa vya nusu ya Tripoli, akaniacha mpaka nikachoka mwenyewe. Na hata sasa nikiikumbuka roshani ile, mkono unaniwasha.

Rihab akapona, kama huko ni kupona. Mkono wake wa kulia, wa kuandikia, ulibaki ukining'inia, mshipa wa fahamu umekatika. Shemeji zangu, ami zake, walishuka kutoka Akkar na magari mawili. Waliimiminia bucha risasi, wakavunja friji na mizani, nyama zilizotundikwa zikachanika zikaanguka kwenye vioo. Talal, mkubwa wao, akamkuta Muhyidin ndani amekaa kwenye gogo lake, akampiga kwa chuma mbavuni mpaka akatapika. Muhyidin hakuinua mkono. Talal akamwambia hiyo ni salamu, deni lenyewe ni mkono kwa mkono, atakuja kuuchukua.

Ilipofika hapo, wakubwa wa mtaa wakaingia kati wasije wakazika watu kumi. Hospitali ilikwisha kulipwa, Muhyidin aliuza gari na vilivyosalia vya bucha. Zile za chuo hakuzigusa. Ikawekwa siku ya suluhu nyumbani kwangu, Talal na nduguze wakakaa upande wangu. Wakaja na Sheikh mbele, Muhyidin nyuma amejifunga mbavu, kichwa wazi. Wanawake wao, na Jinan kati yao, walibaki nje kwenye ngazi, mlango umeachwa wazi kama ilivyo desturi. Nikaleta kahawa. Kila mmoja akapokea kikombe akakiweka chini, hakuna aliyeonja. Kwetu anayekuja kuomba hanywi mpaka aliyekosewa aseme anataka nini; akinywa, amekubali kulipa. Kahawa isiponywewa, kinachofuata ni bunduki.

Sheikh akasema yake. Talal akasema anataka mkono wa kulia wa Muhyidin juu ya gogo lake mwenyewe, kwa shoka lake mwenyewe. Wanaume wakaanza kunong'ona, na mmoja wa upande wa Muhyidin akapeleka mkono kiunoni. Ndipo Rihab akatoka chumbani, mkono umefungwa kifuani, uso mweupe. Hakuna aliyemwita. Lakini aliyekosewa ni yeye, na hata Talal alilijua hilo, akakaa.

"Ami Muhyidin," akasema, "chuo cha Jinan umeshakilipia?"

Muhyidin akasema bado, fedha ziko ndani.

"Za miaka yote?"

"Yote."

"Mkono wako siutaki, wangu hautarudi. Nataka hicho chuo. Nilipie mimi."

Mtu mzima yule alimtazama kana kwamba hakumsikia. Akamwomba achukue bucha. Akamwomba achukue nyumba, atalala mtaani na mkewe, hana neno. Akamwambia mwanangu, ukate mkono, chukua mkono, mbona ami yako anautaka.

"Nimeshaomba," Rihab akasema.

"Fedha za wawili sina."

"Najua. Ningekuwa na mikono miwili ningeshona mapazia na mama. Kwa mmoja nitafanya nini, Ami? Lazima nisome."

Nilimwonea fahari mwanangu na hapo hapo nikamwogopa, mtoto niliyemzaa mwenyewe. Jinan ndiye aliyemfundisha kwenye zile ngazi, na Jinan alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale. Sote tulijua atakakokwenda Jinan: chuo cha serikali, ambacho mwaka ule hakikuwa kimefungua hata mlango, walimu wako mgomoni.

Sheikh akamgusa Muhyidin goti. Talal alikuwa amesimama tena. Kisha Muhyidin akanyoosha ule mkono wenye kidole kilichopinda, akachukua kikombe, akanywa kahawa yote mara moja, nayo ilikuwa imeshapoa. Wengine wakanywa baada yake. Sheikh akasoma Fatiha, Talal akambusu Muhyidin begani kama inavyotakiwa, na mambo yakaisha.

Akainuka kutoka. Jinan alikuwa mlangoni, hakulia, hakumtazama Rihab wala mimi.

"Na mimi, baba?"

Muhyidin akainua mkono juu, tukadhani anampiga. Akashika ukuta, akaanza kushuka ngazi polepole kwa sababu ya mbavu zake, na Jinan akabaki amesimama pale mpaka mamake akaja kumchukua.