Filta ni Filta

Kuna watu husamehe, na kuna watu husema tu kwamba wamesamehe. Mama Filta hakuwa upande wowote kati ya hizo mbili, wala hakuwahi kujisingizia. Kisa chake kilianza na injini moja ya dizeli, na kwa miaka mingi alikihifadhi ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, kwenye rafu ya chini ya duka lake, nyuma ya mikanda ya feni.

Jina la Mama Filta alipewa na wateja. Ukweni walikuwa na jina lao jingine, Mama Petroli, na walilitumia hata kwenye misiba.

Mambo yalikuwa hivi. Mumewe alikuwa na pikapu ya dizeli, akibeba mchanga na matofali. Wakati fulani alilazwa hospitali kwa homa ya mapafu, na pikapu ikawa imefikia siku ya kumwaga oili. Akamtuma mkewe dukani. Mkewe hakujua lolote la injini wakati huo, kwa hiyo aliandika maagizo kwenye kiganja kwa kalamu: oili yenye herufi C, ya dizeli, siyo S, ya petroli, na filta ya oili, mpya, ndani ya boksi lake. Alisoma lebo ya galoni mara tatu mpaka muuzaji akamuuliza kama anasomea mtihani. Akabeba vyote, boksi la filta likiwa halijafunguliwa, akampelekea shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, aliyekuwa fundi na mwenye gereji.

Wiki tatu baadaye injini ikanoki kwenye mlima wa machimbo. Ilikaza, ikafa, haikuwaka tena.

Shemeji alifungua boneti mbele ya ukoo mzima. Akachovya kidole, akakinusa, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye picha. "Hii oili ni ya petroli," akasema. "Nani alinunua?"

Mtu mmoja akauliza, je, haiwezi kuwa filta. Shemeji akacheka. "Filta ni filta. Zote karatasi ndani ya bati. Hata fundi wa ulaya hawezi kujua nzuri na mbaya kwa kuitazama."

Ile galoni yenye herufi C haikuonekana. Shemeji alikwisha kuikata na kuoshea vipuri. Na mama mkwe, ambaye neno lake ndilo lililokuwa neno la mwisho kwenye ukoo ule, alimtazama mkwewe kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, akasema tu, "Kumbe." Kesi ikaishia hapo.

Hayo angeyameza. Kilichomkwama kooni ni mumewe. Mumewe hakumgombeza hata siku moja. Aliajiriwa kuendesha lori la watu, na kuanzia hapo kila kilichohusu gari akakifunga mbele ya mkewe, kwa upole. Akimuuliza, "Umeangalia oili?" anajibiwa, "Nimeangalia," na bega linageuka. Miaka tisa ya bega. Kuna wanaume hupiga kelele na kuna wanaume hugeuza bega, na mimi sijui yupi anaumiza zaidi, ila Mama Filta alijua.

Basi akaenda kulekule alikonunua ile oili, akaomba kazi ya kufagia. Mwenye duka, mzee mbishi asiyesikia sikio moja, alimwajiri kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kupayuka siku nzima. Akamfundisha. Alimwonyesha namna ya kupitisha kidole kwenye vile vitundu vya filta na kukibonyeza kile kimpira cha ndani kinachozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Kwenye filta ya kweli kimpira ni laini, kinabonyea kama ncha ya sikio. Kwenye filta ya bandia ni kigumu, au hakipo kabisa. Filta ya bandia hawakuiita filta dukani pale. Waliiita kopo.

Mwaka wa tatu akakumbuka kitu. Siku ile injini ilipouzwa chuma chakavu, alikuwa ameifungua filta yake na kuondoka nayo ndani ya kanga, bila hata kujua kwa nini. Akaitafuta, akaikata kwa msumeno wa chuma. Ndani, karatasi ilikuwa na mikunjo michache, imechanika na kuvurugika kama uji, na kimpira hakikuwepo. Akampelekea mzee.

"Kopo," mzee akasema. "Hili halikutoka hapa. Sijawahi kuuza kopo tangu nizaliwe."

Hapo ndipo alipoelewa kwamba filta yake nzuri ilitolewa kwenye boksi, na kopo likafungwa mahali pake. Lakini angemwambia nani? Shemeji angesema hilo ndilo kopo alilonunua mwenyewe, na kwamba fundi hawezi kujua kwa kutazama. Akaviweka vipande ndani ya mkebe, akafunga kifuniko, akafunga na mdomo. Mzee alipochoka na kurudi kwao, duka likabaki mikononi mwake. Jambo la kwanza alilofanya ni kutafuta kopo moja jipya, lenye rangi ya kung'aa, na kuliweka ndani ya boksi zuri. Lilikuwa la shemeji, siku atakayonunua gari la dizeli. Alilifuta vumbi kila Jumatatu.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Pikapu nyeupe ya dizeli ilisimama mlangoni, viti bado vina nailoni. Shemeji akashuka na miwani ya jua. Magari ya wateja wake aliyanunulia vitu vya bei rahisi kwingine. La kwake mwenyewe, alijua pa kwenda.

"Shemeji, hujambo? Umeona mnyama huyo?" akasema. "Nipe oili na filta zote. Huduma ya kwanza, sitaki mchezo."

"Sijambo, shemeji. Hongera."

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye lile boksi. Aliiona ile pikapu nyeupe imekwama kwenye mlima wa machimbo, boneti juu, nailoni kwenye viti, na moyo wake ukaburudika kama mtu aliyekunywa maji ya mtungi. Nusu ya boksi ilikwisha kuwa juu ya kaunta.

Ndipo mlango wa pili wa gari ulipofunguka na mama mkwe akashuka taratibu, anatoka kwa daktari wa macho, ana bandeji jicho moja. Jua lilimkera, akaingia kukaa kwenye benchi la wateja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Endeleeni na kazi zenu. Macho yamegoma, lakini masikio ni mazima."

Mama Filta akasimama na boksi mkononi. Kuua injini, akawaza, ni jambo dogo. Injini haina aibu. Akarudi kwenye rafu, akachukua filta mbili za kweli, akazitoa zote tatu kwenye maboksi, kopo likiwa katikati, akazipanga juu ya gazeti.

"Chagua, shemeji."

"Nichagulie wewe. Si ndiyo kazi yako?"

"Mimi? Mama Petroli? Wewe ndiye fundi. Miaka yote hiyo gerejini, mimi mchuuzi tu nitakufundisha nini?"

Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na shemeji akapakika. Akavua miwani. Akachukua filta ya kwanza, akapitisha kidole kwenye vitundu, akaiweka pembeni. Akachukua ya pili, akapitisha kidole, akakirudisha haraka.

"Shemeji, unataka kuniua? Hili kopo."

"Kopo ndiyo nini?"

"Hili siyo filta, ni bati limepakwa rangi. Hakuna kimpira. Ukilifunga, ndani ya wiki tatu karatasi inachanika, inaziba njia, oili haipandi juu. Injini inanoki."

"Na umejuaje? Hujalipasua."

Shemeji akainua kidole chake cha shahada. "Kwa hiki. Sekunde tatu. Fundi asiyejua hilo akalime. Mimi nimelijua tangu nikiwa najifunza kazi, hata mama hajazeeka."

"Wiki tatu," mama mkwe akasema kutoka kwenye benchi, kama anayesoma.

Mama Filta aliinama, akasogeza mikanda ya feni, akautoa ule mkebe. Hakumpa shemeji. Alizunguka kaunta, akaufungua, akaviweka vile vipande kwenye viganja vya mama mkwe.

"Hii ilitoka kwenye gari la mwanao, mama. Gusa palipo na vitundu."

Kidole cha kizee kikaingia, kikatafuta, kikakosa.

"Hiyo ndiyo aliyoninunulia yeye mwenyewe," shemeji akasema upesi.

"Sawa," mama mkwe akajibu. "Na siku ile kidole chako kilikuwa wapi?"

Shemeji alitazama gari lake, akatazama kidole chake, hakupata msaada kwa yeyote. "Mama, kulikuwa na mteja ana haraka, filta yake haikupatikana mjini. Nikamfungia ile nzuri. Nilijua nitakuja kuibadilisha hii baadaye."

"Na ile petroli uliyoinusa?" mama mkwe akauliza.

Shemeji akavaa tena miwani yake ya jua. Mama Filta akamwacha aivae vizuri. Kisha akarudi nyuma ya kaunta, akamfungia mzigo: oili ya dizeli yenye herufi C, filta ya oili, ya dizeli, na ya hewa. Vyote vya kweli.

"Nimekupa vizima," akasema. "Nataka gari lako liishi miaka mingi. Kila likifika kilomita elfu tano utarudi hapa, na kila ukirudi nitakuuliza kama filta ni filta. Wateja wakiwepo, vizuri zaidi."

Shemeji akachukua mzigo. "Mama, twende."

"Nenda," mama mkwe alisema. "Mimi atanichukua mdogo wako." Akahesabu vipande vile kwa vidole na kuvirudisha kwenye mkebe. Kisha akasema, "Mkwe wangu, nipe maji." Halikuwa ombi la msamaha, na Mama Filta hakulipokea kama ombi la msamaha. Alimpa maji.

Mumewe alifika na lori saa tisa. Mama yake alimketisha kando yake kwenye benchi, akamwekea mkebe mapajani, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Mama Filta aliendelea kufuta vumbi kwenye rafu ambazo hazikuwa na vumbi. Alimsikia mumewe akifungua kifuniko, akikifunga, akikifungua tena. Kisha mumewe akasimama mbele ya kaunta, bega halijageuka.

"Lori linataka oili na filta," akasema. "Niweke ipi?"

Miaka tisa alikuwa amelisubiri swali hilo, na jibu lilikuwa tayari mdomoni. Akamtazama vizuri. Kisha akamwonyesha wateja wawili waliokuwa wametangulia, akamwambia apange foleni.

Akawahudumia bila haraka. Mmoja wao, aliyetaka waya wa breki, alionyeshwa kila aina iliyokuwa dukani.