Nilivyochagua darubini ya bunduki kwa kusoma namba za magogo Mafinga

Wakuu, poleni na majukumu.

Wiki iliyopita kuna mkuu aliuliza humu anunue scope gani kwa ajili ya shabaha za mbali na kuwinda. Karibu majibu yote yalikuwa "chukua yenye zoom kubwa". Niliona aibu, maana mimi nilishauriwa hivyohivyo na nikafuata.

Leo naeleza kilichonikuta. Sitaongeza chumvi wala kujipamba.

Kabla hamjaanza maswali: bunduki ninayo kihalali, leseni ipo, na nawinda kwa kibali msimu ukiwa wazi. Tusisumbuane kwenye hilo.

Mimi ni mtu wa Igowole, ila riziki yangu iko Mafinga, nina kiwanda kidogo cha kupasua mbao. Bunduki yenyewe ni .30-06 aliyoiacha marehemu baba. Taratibu za kuihamishia kwangu zilichukua muda mrefu, na siku nakabidhiwa nililia mbele ya askari bila kujali. Mzee aliwinda nayo miaka yote kwa macho tu, bila darubini, na pale nyumbani walimsifu kwa jambo moja. Hakuwahi kumwacha mnyama na jeraha.

Mimi sasa, mtu wa kisasa, nikataka kupiga mbali.

Nikanunua darubini ya zoom sita mpaka ishirini na nne. Niliichagua kama watu wanavyochagua simu, kwa kuangalia namba kubwa kwenye boksi. Ndani ina msalaba wenye vistari vingi vya kushuka chini, kila kistari na umbali wake. Unazero mita mia, yaani unairekebisha mpaka risasi igonge katikati ya msalaba kwa umbali huo, ukitaka kupiga mia mbili hamsini unalenga kwa kistari cha chini yake, basi.

Kwenye uwanja wa shabaha kule Iringa, aisee, nilitamba. Mita mia tatu, matundu yote nafunika kwa kiganja. Wenzangu wa kikundi chetu cha shabaha na kuwinda wakawa wanapanga foleni kuchungulia, na mimi nawaelekeza kama mkufunzi.

Msimu ukafunguliwa, tukapata kibali cha kongoni, tukashuka bondeni upande wa Usangu. Huko ndiko nilikokutana na Mama Lusajo.

Huyu mama ni askari wa wanyamapori mstaafu, Mnyakyusa. Siku hizi analima viazi milimani juu ya Mbeya na kuvishusha soko la Mwanjelwa, lakini msimu wa kuwinda ukifika vikundi vinagombania awaongoze. Hata afisa aliyetusindikiza alikuwa anamsikiliza yeye. Ni mfupi, koti la kaki, na bunduki yake ina kidarubini cha zamani cha zoom nne isiyobadilika, rangi imechubuka mpaka chuma kinaonekana.

Nakiri niliicheka kimoyomoyo.

Ana sheria ambayo haijadiliwi. Ukijeruhi, unafuata wewe mpaka mwisho, hata iwe siku nzima, na kikundi kizima kinaweka silaha begani mpaka mnyama wako apatikane.

Asubuhi ya kwanza tukaliona dume la kongoni, kama mita mia mbili hamsini. Zamu ilikuwa yangu. Nikaweka jicho.

Wakuu, niliona rangi ya kahawia tu. Sikuona kichwa, mkia wala mguu, maana zoom ilikuwa bado ishirini na nne kama nilivyoiacha uwanjani, na pumzi yangu peke yake ilifanya picha nzima irukeruke. Nikapunguza mpaka kumi na mbili, mnyama akaonekana. Nikamwekea begani kile kistari changu cha mia mbili hamsini, nikafyatua.

Hapa someni taratibu, ndipo lilipo kosa.

Kwenye darubini za aina ile, vistari havibadiliki ukubwa unapobadilisha zoom. Picha tu ndiyo inayokua na kupungua. Kwa hiyo vile vistari vinasema kweli kwenye zoom ya juu kabisa peke yake. Ukishusha zoom nusu, kila kistari kinahesabu mara mbili. Nilitakiwa kuinua risasi kama sentimita thelathini, nikainua sitini. Imeandikwa kwenye kikaratasi cha ndani ya boksi ambacho sikukisoma.

Risasi ikachana nyama ya juu ya mgongo. Kongoni akapiga magoti, akainuka, akaondoka.

Tulimfuata tangu asubuhi ile mpaka saa tisa alasiri. Mama Lusajo mbele, ameinama, anaona tone la damu mahali ambapo mimi naona majani tu. Damu ikipotea anasimama, anatazama ardhi kwa muda, halafu anakwenda moja kwa moja mpaka kwenye tone linalofuata. Sijawahi kuona mtu anajua kazi yake kiasi kile.

Alipompata amelala kichakani alinigeukia kuona kama naweza kummaliza. Nikatikisa kichwa. Akampiga yeye, risasi moja, kwa kile kidarubini nilichokicheka.

Nilimwangalia yule mnyama nikamkumbuka baba. Ile aibu hata leo naandika bado ninayo.

Jioni kambini nilimfuata, nikamwambia nikifika Mafinga bunduki naipeleka polisi, sistahili kuwa nayo. Alikuwa anafuta mtutu wake. Akanijibu bila kuinua macho.

"Bunduki haina kosa, baba. Na kulenga unajua, nimekuona. Ila hicho kitu ulichokifunga juu hukijui. Nenda kachague unachokijua, ndipo unitafute. Kabla ya hapo mimi sikuongozi."

Basi nikajiwekea nadhiri. Nitachagua upya, nitarudi kwake, na akinikataa mara ya pili, bunduki ya baba inakwenda polisi na habari ya kuwinda inaishia hapo.

Mwaka uliofuata, miezi ya baridi, alikuja Mafinga kununua mbao za masanduku ya mbegu za viazi. Nikaona nafasi yangu ni hapohapo. Nikaazima darubini tatu kwa watu wa kikundi chetu, nikazipanga mezani pamoja na ile yangu, maboksi pembeni ili asome sifa zake.

Maboksi hakuyagusa. Aliuliza jua linazama upande gani pale kiwandani.

Mkuu yeyote aliyefika Mafinga anajua mandhari yetu. Mwisho wa uwanja wangu ni ukingo wa msitu wa misindano, na mbele ya ukingo nalundika magogo. Kila gogo lina namba ya rangi kwenye kitako chake. Mama Lusajo akatuhamisha mpaka upande wa pili kabisa, tukaweka gunia la pumba za mbao juu ya meza, tukawa tunazifunga darubini mojamoja. Risasi zilikuwa zimefungiwa ndani kwenye sefu na bolti ya bunduki, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, iko mfukoni mwake.

Kazi yangu ilikuwa kusoma namba za magogo. Jua likiwa juu ya miti nilisoma zote, kwa darubini zote, nikaanza kujiona mjinga kwa kupoteza muda. Jua likazama. Akasema nisome tena.

Darubini yangu ikiwa kwenye ishirini na nne ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufa. Giza lenyewe lilikuwa halijaingia, lakini ndani ya ile darubini ukingo wa msitu ulikuwa umeshakuwa mweusi. Nikishusha zoom mwanga unarudi, lakini vistari vinakuwa vya uongo. Akaniambia saa hizi ndizo kongoni wanatoka kwenye miti, sasa kwa hiyo zoom yako utamwona nani.

Halafu akanituma koti. Nilikuwa nimevaa fulana na kisweta chepesi, na baridi ya Mafinga mnaijua. Nikarudi na koti langu zito la kazini. Akasema nifumbe macho, niweke kitako begani nilivyozoea, nifumbue bila kusogeza shingo.

Darubini moja ambayo nilikuwa naipenda sana ilinionyesha duara jeusi pembeni. Koti lilikuwa limesogeza bunduki mbele, jicho halifiki. Dukani ningeijaribu na fulana, ningenunua, halafu ningekuja kulia porini saa kumi na mbili asubuhi na baridi yake.

Zikabaki mbili. Zote vistari vyake vinakua pamoja na picha, kwa hiyo vinasema kweli kwenye zoom yoyote. Nilishafurahi kwamba dawa ya ugonjwa wangu imepatikana. Mama akasema nishushe zoom mpaka chini nimwambie msalaba uko wapi. Kwenye ile ya kwanza, yenye zoom kubwa zaidi, msalaba ulikuwa mwembamba kama uzi wa buibui, na ukingo mweusi wa msitu umeumeza. Ile ya pili, zoom tatu mpaka kumi na mbili, ilikuwa na mihimili minene pembeni inayoelekeza jicho katikati. Gogo la chini kabisa nililisoma.

"Hiyo," akasema.

Nikabisha. Nilimwambia kumi na mbili ni ndogo, na mimi nataka kupiga karatasi mita mia tatu na zaidi. Akaniuliza kama duara la karatasi ya shabaha ni dogo kuliko namba ya gogo niliyoisoma sasa hivi na jua limeshazama.

Nikaifungua, nikaomba tu niipeleke uwanja wa shabaha kwanza.

Tulipokwenda uwanjani nikazijaribu nobu zake, vile vizungushio vya kusogeza msalaba. Nilipiga risasi moja, nikazungusha mibofyo ishirini juu, ishirini kulia, nikarudisha ishirini chini, ishirini kushoto. Risasi ya mwisho ikagonga palepale ilipogonga ya kwanza. Hapo nikanunua ya aina ileile, mpya, na safari hii kikaratasi cha boksi nilikisoma mara tatu.

Mpaka msimu unafunguliwa nilikuwa nimeipiga kwenye kila zoom. Ile kubwa nilimwachia mwenzangu anayepiga karatasi tu, na kwake inafanya kazi nzuri, niseme ukweli.

Nikampigia mama simu. Akasema njoo, nitakuona.

Jioni ya kwanza bondeni, dume limesimama ubavu, mita mia mbili, tulivu kama limepigwa picha. Zoom yangu iko nne. Namwona mzima, naona na nyasi zinazomzunguka. Kidole kikaenda kwenye kifyatulio.

Halafu nikaona sikio. Dogo, nyuma ya bega lake, likatikisika mara moja. Risasi ya bunduki hii inamtoboa mnyama na kutokea upande wa pili.

Nikatoa kidole, nikashusha bunduki.

Mama Lusajo alikuwa amelala kifudifudi pembeni yangu, na yeye anatazama. Akaninong'oneza mbona sipigi.

"Kuna ndama nyuma yake, mama."

Akarudisha jicho kwenye kile kidarubini chake kilichochubuka. Dume likatembea hatua chache, na ndama akabaki wazi, miguu mirefu, anashangaashangaa.

"Mimi sikumwona," akasema.

Wakuu, maneno hayo kutoka kwa yule mama. Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Tukarudi kambini mikono mitupu, wenzangu wananizomea, na yeye akapita mbele yangu akaniambia, "Kesho saa kumi na moja alfajiri uwe umeshakunywa chai."

Kesho yake nilipiga mara moja, mita mia mbili na thelathini, kistari changu cha umbali huo begani. Kongoni hakutembea hata hatua.

Nilichojifunza ni kwamba namba ya kwenye boksi haikujui wewe, wala baridi ya kwenu, wala saa mnyama wako anapotoka kwenye miti. Jaribu jioni, jaribu na koti, jaribu zoom ya chini kabla ya ile ya juu. Na kama hujui vistari vyako vinasema kweli kwenye zoom ipi, usimwelekezee kiumbe chenye uhai.

Bunduki ya baba haikwenda polisi.

Wenye uzoefu mnikosoe, hasa mnaovaa miwani, maana hapo mimi sina majibu. Na wewe mkuu uliyeuliza, ukipita Mafinga njoo na koti lako jua likikaribia kuzama. Magogo yapo.