Nyasi Juu ya Kichuguu

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mtu akinisifia chakula najiuliza anataka nini, na fundi akiniambia njoo kesho, namwuliza kesho ya tarehe ngapi. Mama yangu, kule kwetu milimani upande wa Dongobesh, alikuwa akiwaambia wageni kwamba huyu binti alikagua hata titi kabla ya kunyonya. Kwa hiyo nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi uwandani, chini ya Mlima Hanang, nilishuka na sanduku la bati, godoro, na shaka zangu zote.

Wakati huo shamba la ngano la serikali lilikuwa limeshameza nusu ya uwanda. Ukisimama mlangoni mwa darasa langu uliona ngano mpaka macho yanachoka. Shule ilikuwa kwenye kipande kilichobaki, katikati ya maboma ya Wabarbaig na ng'ombe wao. Wafugaji hawakuniamini kwa sababu nilikuwa Mmbulu na nakula mshahara wa serikali. Na mimi sikuwaamini kwa sababu wao hawakuniamini. Tulisalimiana vizuri tu.

Boma la karibu zaidi na shule lilikuwa la mjane mmoja, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vazi la ngozi na bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na alikitumia kwa uchoyo. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, "Marahaba," kisha akanitazama mpaka nipite.

Mume wake alikuwa mzee mwenye heshima, na alipokufa ukoo ulimjengea bung'eda. Hilo ni kaburi la tuta refu, hujengwa kwa miti na udongo kwa miezi mingi, na si kila mtu hupewa. Nilipofika, mvua zilikuwa zimelishusha mpaka usawa wa kiuno, na nguzo moja ilikuwa imechipua ikawa mti kamili. Udongo wake ulikuwa mweupe, maana waliusomba kutoka korongoni, wakati uwanda wote ni udongo mweusi. Wanafunzi wangu wakipita pale walichuma nyasi mbichi wakaziweka juu yake. Ndivyo wanavyomsalimu aliyelala.

Mwaka wangu wa pili wakaja wapima ardhi na landrova, darubini ya miguu mitatu na vigingi vyenye rangi nyekundu. Shamba lilitaka kile kipande kilichobaki. Mkubwa wao akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionitia wasiwasi. Serikali inawaheshimu wazee wenu, alisema. Kila boma lionyeshe kaburi moja, nalo halitalimwa, hatua hamsini kila upande.

Nikaona watu wanatazamana. Boma lenye makaburi matatu lichague lipi? Na ukishaonyesha moja, si umekubali mengine yalimwe? Wazee walisimama wakaondoka bila kujibu. Kesho yake wakakubaliana kwamba mtu yeyote asionyeshe chochote, asiwape wapimaji hata maji ya kunywa. Kwa mara ya kwanza niliwaona kuwa watu wenye akili kama zangu.

Siku ya tatu, wakati wa mapumziko, nikamwona yule mjane anatembea mbele ya wapima ardhi, na fimbo yake, kama mtu anayepeleka wageni kwake.

Nikawaachia watoto zoezi la hesabu, nikachukua daftari, nikawafuata kwa mbali. Walipita kando ya kaburi la mumewe. Hakugeuza hata shingo. Akaenda nao mpaka pale uwanda unapobanwa, korongo upande huu na kilima cha mawe upande ule. Ng'ombe wote wa maboma yale walipita hapo kwenda chemchemini, na kiangazi hapakuwa na maji mengine. Katikati ya njia palikuwa na kichuguu cha zamani, mchwa wameshakihama, kimemomonyoka na kuota majani. Akachuma nyasi mbichi, akainama, akaziweka juu ya kichuguu.

"Mume wangu," akasema. Alisema kwa Kiswahili ili wasikie vizuri.

Wapimaji wakavua kofia. Wakahesabu hatua hamsini kila upande, wakapigilia vigingi vyao, na mkubwa wao akatoa blanketi jipya kwenye landrova akampa. Akalipokea kwa mikono miwili.

Nilirudi shuleni nimejaa hasira. Mwanamke amevunja neno la wazee, amekana kaburi la mumewe, ameabudu mchwa, na yote hayo kwa blanketi! Nikaandika kila kitu nilichoona. Kisha, ili nisije nikaambiwa nimezusha, nikaanzia mlingoti wa bendera nikaelekea ncha ya Hanang, nikihesabu hatua mpaka kwenye kaburi la kweli. Zilikuwa mia mbili na kumi na sita, nikaziandika daftarini. Nilizitembea nikikanyaga chini kama askari. Nilipoinua macho, mjane alikuwa kwenye mlango wa boma lake ananitazama.

Habari zilienea bila msaada wangu. Wazee hawakugombana naye, walimnyamazia. Wanawake wenzake waliacha kwenda kwake kuomba moto, na watoto walikatazwa kuingia bomani mwake. Mimi nami nikaacha kumwamkia. Kwetu sisi, kumpita mtu mzima bila shikamoo ni sawa na kumtemea mate, na nilijua ninachofanya. Asubuhi ya kwanza alingoja salamu. Ya pili hakungoja.

Juu ya hayo nikaandika barua. Ilikuwa ya kwenda ofisi ya shamba, kueleza kwamba wamedanganywa, kile ni kichuguu na kaburi halisi liko hatua mia mbili na kumi na sita kutoka bendera ya shule. Niliamini natetea haki ya marehemu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mmoja mcheshi kupita kiasi, akanusa habari akajitolea kuipeleka. Kwa nini ajitolee? Nikamwambia sijamaliza kuandika. Mwalimu mkuu alikuwa anakwenda Katesh, lakini naye alikuwa na tabia ya kusoma barua za watu. Nikaamua nitaipeleka mwenyewe shule zikifungwa, nikaifungia sandukuni.

Kabla shule hazijafungwa matrekta yakaja. Makaburi yote yalilimwa, kwa kuwa hakuna boma lililoonyesha kaburi la kweli. Wanaume walisimama mbali wameshika mikuki isiyo na kazi. Trekta lilipofika karibu na shule niliwatoa watoto nje, sijui kwa nini, pengine nilitaka mashahidi. Ule mti uliochipua kwenye tuta uling'oka na mizizi yake. Udongo mweupe ukapinduliwa ndani ya mweusi. Mjane alikuwa amesimama karibu kuliko sisi sote, amejifunika lile blanketi, na hakutoa sauti yoyote. Nikasema moyoni, blanketi limemziba mdomo. Barua ikabaki sandukuni, maana kaburi la kutetea halikuwepo tena.

Kisha kikaja kiangazi. Askari wa shamba walikamata kila ng'ombe aliyekanyaga ngano, na mwenye ng'ombe akatembezwa kwa miguu mpaka kituoni. Nilikuwa nakwenda chemchemini na ndoo yangu niliposikia kengele za ng'ombe nyuma yangu. Nikasogea pembeni. Likapita kundi moja, likaja la pili, la tatu, ndama na vikongwe, wote wakielekea pale panapobanwa. Askari wa shamba alikuwa amekaa juu ya jiwe na kirungu chake mapajani, hana la kufanya. Ngano iliishia kwenye vigingi vyekundu. Toka korongoni mpaka kilimani, hatua hamsini huku na hatua hamsini kule, hapakuwa na jembe lililopita, kwa heshima ya marehemu. Vijana wa kuchunga walipofika kwenye kichuguu kila mmoja akaweka jani la nyasi, macho yakiwa kwa askari.

Nilikaa chini pale pale na ndoo yangu. Nilijisikia mjinga, halafu nikaogopa, kwa sababu ya ile barua. Nilirudi mbio, nikaichana, vipande nikavitia motoni. Daftari sikulichoma. Mtu wa kushuku hatupi karatasi.

Jioni nilikwenda bomani. "Shikamoo, mama," nikasema. Hakuitikia. Alinipa kigoda, akanipa maziwa, lakini salamu yangu aliiacha ianguke.

"Kwa nini hukuwaambia wazee?" nikamwuliza.

"Wataita kikao. Kikao leo, kesho shamba linajua."

"Na mzee? Kaburi lake?"

"Yeye ameshakunywa," akasema. "Ng'ombe bado."

Wazee nao walikuwa wameelewa, tena labda kabla yangu, lakini hakuna aliyeweza kumsifu. Neno moja la sifa lingefika shambani, na vigingi vingeng'olewa. Kwa hiyo mwanamke aliyewaokolea ng'ombe waliendelea kumnyamazia hadharani, na yeye aliendelea kutembea peke yake. Usiku wa kuamkia sherehe zao mtu aliacha ndama mlangoni kwake, na asubuhi hakuna aliyemjua mwenye ndama.

Baada ya miaka kadhaa wakubwa wa wilaya walikuja kutoa hati ya pongezi kwa mwananchi aliyetunza ardhi. Ilikwenda kwa mwenyekiti, yule aliyetaka kubeba barua yangu. Mjane alikaa nyuma kabisa na blanketi lake lililochakaa. Nilipiga makofi mawili ya adabu. Tangu hapo nikimwona mtu anavishwa shada nageuka kwanza kutazama waliokaa nyuma.

Shamba lilianza kuchoka. Matrekta yalikosa vipuri, na kipande cha karibu na shule kiliachwa majani yakaota. Asubuhi moja mjane alikuja darasani kwangu. Alikuwa amepinda sasa, na hakuwa na kawaida ya kuja shuleni.

"Mwalimu," akasema, "daftari lile."

Sikujifanya sielewi. Alikuwa ametafuta kwa siku kadhaa, akaniambia, lakini jembe limepita miaka mingi, mti haupo, alama haipo. Alitaka kuwaonyesha wanawe mahali baba yao alipo kabla na yeye hajaondoka. Katika dunia nzima palikuwa na mtu mmoja tu aliyeandika, naye aliandika ili amshtaki.

Tulisimama kwenye mlingoti. Nikaelekea ncha ya Hanang, nikahesabu kwa sauti, naye nyuma yangu na fimbo. Mia mbili na kumi na sita iliishia kwenye udongo mweusi mtupu. Nikachimba kwa kisigino huku na huku. Hakuna kitu.

"Hatua zimezeeka," akasema. "Siku ile ulinikasirikia. Rudi. Tembea hivyo."

Nilirudi mlingotini. Nilijaribu kukasirika, nikamfikiria mwenyekiti na hati yake, haikutosha. Nikamfikiria binti mmoja mwenye daftari anayempita mama mtu mzima asubuhi bila shikamoo, na hapo miguu yangu ikashika mwendo. Nilikanyaga mpaka magoti yakauma. Kwenye mia mbili na kumi na sita nikasimama, nikafukua majani kwa mikono. Chini yake udongo ulikuwa mweupe.

Mjane alipiga magoti, akaushika, akaunusa. Kisha akachuma nyasi mbichi, akazigawa mara mbili, akanipa nusu. Niliweka zangu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Aliweka zake kwanza, akazipanga taratibu kwa kiganja.

"Marahaba," akasema.