Barua Nyeupe Pe

Mwanasheria wetu wa msaada, anayetupigania tupate hati za nyumba tulimozaliwa, huvua viatu kila akiketi. Huvisukuma chini ya meza, kisha hunyoosha karatasi zetu kwa kiganja, polepole, kama anayepima homa ya mtoto. Hapandishi sauti. Mtu akilia, humsogezea maji na kungoja.

Jana mzee mmoja, fundi cherehani, alimletea barua ya mauziano ya kiwanja chake, nyeupe pe, mwandiko umenyooka. Kiganja kikasita katikati ya karatasi.

“Ile yenyewe iko wapi, mzee? Yenye dole gumba la muuzaji?”

“Niliichoma, mwanangu. Mchwa walishaila nusu. Niliona aibu kukuletea uchafu, nikainakili vizuri.”

Alifumba macho, kidogo tu. “Na mashahidi?”

“Wametangulia mbele ya haki. Kabaki jirani, na hatusemezani mwaka wa kumi na mbili huu.”

Mwanasheria hakumlaumu. Aliinama, akapapasa chini ya meza mpaka akavipata viatu vyake.

“Nyanyuka, mzee,” alisema akivivaa. “Twende tukamwamkie.”